Mashine ya kutotolea au niwaachie kuku koo wenyewe?

Fundi_Fuoni
Asalam alaykum jamani. Nataka kuongeza kuku uani. Kuna jamaa ananiuzia mashine ya mayai 56, imeshatumika, laki mbili na nusu, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mke wangu anasema pesa hizo tununue matetea, wataatamia wenyewe. Kipi bora?

MamaWatatu_Wete
Waalaykum salaam. Bora kwa nani, baba? Hujasema una kuku wangapi, wa kienyeji au chotara, jimbi unaye au huna, ua umezibwa au uko wazi. Chotara wengi utawasubiri mpaka mvi zikuote, hawataki kukaa juu ya mayai.

Kuchi_Damu
Kuku wa kuchi tu, yakhe. Koo wangu wa kuchi akishakaa haondoki siku 21, ila mara moja kila alfajiri kula, kunywa na kwenda haja. Hiyo haja yake moja tu, mtaa mzima unajua kuwa keshatoka.

MamaWatatu_Wete
Kuchi mzito, anavunja mayai. Tusubiri mwenyewe ajibu.

Fundi_Fuoni
Samahanini. Kuku sita wa kienyeji, jimbi mmoja. Ukuta upande mmoja, kwengine makuti. Umeme upo. Mmoja wao tangu juzi kajilaza kwenye pakacha juu ya mayai matatu, ukimsogelea anavimba manyoya na kukudonoa mkono.

MamaWatatu_Wete
Sasa umesema! Huyo keshakuwa mashine, wewe wamtafutia mashine nyengine? Kusanya mayai yasiyozidi wiki moja, kumi au kumi na mbili, yatie alama ya penseli umuwekee usiku, na hayo matatu uyatoe. Ukikuta yai halina alama ujue mwenzake kaja kutagia humo, litoe siku hiyo hiyo, maana yatapishana kutotoka na mwisho utabaki na mayai viza. Kabla hujamuwekea badilisha nyasi, tia majivu na majani makavu ya mwarobaini. Utitiri ukimzidi ataacha mayai yakapoa.

Chukwani_Upepo
Hadithi yangu mie ndefu kidogo, nivumilieni. Mwaka juzi nilinunua mashine kama hiyo. Kutotoa ilitotoa, siisingizii. Nilitia mayai 50, siku ya saba nikayamulika kwa tochi nikatoa tisa, hayana kitu. Siku ya 21 vikatoka vifaranga 34. Nilikaa mbele ya kile kioo kama naangalia mpira. Basi kazi ya mashine ikaishia hapo, ya kwangu ikaanza. Nikavitia kwenye boksi la televisheni, maranda chini, taa juu. Ilikuwa Julai, kusi limeshika, usiku una baridi. Siku ya nne tukuza, umeme wa kununua, ikaisha saa nane za usiku, mie nimelala. Alfajiri nakwenda kutia udhu, napita pale, kimya. Vyote vimerundikana kona moja vikitafuta joto. Vya juu vizima, vya chini vimebanwa bapa, manyoya yamelowa kama vimetolewa ndooni. Nikahesabu 19 vilivyokufa. Mwanangu mdogo alikuwa keshavipa majina. Koo haishiwi na tukuza.

Kuchi_Damu
Hilo kosa la mashine au la mtu kutokununua umeme?

Chukwani_Upepo
La kwangu, sikatai. Ndiyo maana nasema asipige hesabu ya laki mbili na nusu peke yake. Kuna taa, kuna chakula, kuna wewe kuamka usiku wiki tatu nne.

MamaWatatu_Wete
Pole sana. Ungekuwa na koo aliyetotoa siku hizo ungempenyezea wale wa mashine usiku, wakiwa wa siku moja au mbili. Wakishakua kidogo anawajua si wake, anawadonoa. Mie nawawekea koo wawili mayai siku moja, wakitotoa nampa mmoja vifaranga vyote, wa pili arudi kutaga.

Kuchi_Damu
Na asiyetakiwa kuatamia mtumbukize kwenye ndoo ya maji, anasahau siku hiyo hiyo.

MamaWatatu_Wete
Muogope Mungu! Mtie kwenye tenga la chini wazi, lipandishe juu ya matofali, upepo umpite tumboni, maji na chakula awe navyo. Siku tatu nne anaacha mwenyewe.

Bububu_Pwani
Mwatoa darasa zima, mbona kunguru hamumtaji? Fundi yuko Fuoni, Unguja, si Wete, Pemba. Makuti ya pembeni hayamzuii. Kwangu walichukua saba katika kumi mchana kweupe. Koo anamrukia mmoja, mwenzake anatua nyuma yake. Funika ua kwa wavu wa jarife kuukuu, au tia koo na watoto ndani ya dema bovu la kuvulia samaki wiki tatu za mwanzo, kivulini. Chenga na dagaa wa kusaga unawapenyezea humo.

Chukwani_Upepo
Kunguru hao waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mjini.

Kuchi_Damu
Babu yangu akisema walikuja wenyewe juu ya meli.

Bububu_Pwani
Waliletwa, sheikh. Na taka bado zipo, ila kifaranga kitamu zaidi.

MamaWatatu_Wete
Tumetoka kwenye mayai tumehamia melini. Fundi, ukinunua matetea sokoni usiwachanganye na wako siku hiyo hiyo, watenge wiki mbili. Na chanjo ya kideri, ile ya tone jichoni, kila miezi mitatu. Kideri kikiingia hakikuulizi kama ulinunua mashine.

Fundi_Fuoni
Shukran nyote. Jana usiku yule koo nimempa mayai kumi na moja, kayavuta yote kwa mdomo mpaka yakaingia chini yake. Leo wa pili naye kaanza kuvimba. Lakini mwenye mashine kapiga simu, kashusha mpaka laki mbili, hapo tena nimechanganyikiwa. Mke wangu hasemi kitu, ananitazama tu. Dema bovu nitalipata wapi, Malindi?

Kuchi_Damu
Malindi waulize wavuvi wenyewe. Huyo jimbi wako rangi gani? Hauzwi?

Fundi_Fuoni
Mwekundu. Hauzwi.

Kuchi_Damu
Nina koo wa kuchi, tubadilishane.