Mikono midogo: Glock 19, 43X au rivolva?

MamaMbili_Nakuru
Wadau, habari za jioni. Bodi ya Leseni za Silaha imeshaniidhinisha, kilichobaki ni kuchagua bastola. Mikono yangu ni midogo, vidole vifupi. Dukani nilishika Glock 19, kidole kikafika kwenye triga kwa kunyoosha. Muuzaji akasema mwanamke achukue rivolva ndogo (bastola ya silinda inayozunguka), haina mambo mengi. Mume wangu ana CZ 75 na anataka nizoee kama yake. Nisikilize nani?

Koplo_Mstaafu
Dada, sikiliza mkono wako. Nafundisha shabaha tangu nistaafu, na ushauri huo wa rivolva kwa akina mama unanikera sana. Rivolva ndogo ni nyepesi, kwa hiyo teke lake lote linaishia kiganjani. Triga yake nayo ni nzito: ukivuta bila kukoki nyundo, ni kama kilo 5 au zaidi, wakati ya Glock ni kilo 2 na nusu hivi. Mwenye vidole vifupi ndiye anayeteseka zaidi hapo.

Rudi dukani. Mwambie atoe magazini (kisanduku cha risasi), avute slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), nawe uangalie chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho yako kuwa ni tupu. Elekeza mtutu mahali salama. Sasa shika mpini juu kabisa, pale kidole gumba na cha shahada vinapoachana pakae katikati ya mgongo wa bastola, mtutu ukiwa mstari mmoja na mfupa wa mkono. Bila kugeuza mshiko huo, weka kidole kwenye triga. Nyama ya pingili ya mwisho ikikaa vizuri, na kidole hakisugui ubavu wa bastola, inakufaa. Ukilazimika kuzungusha mkono ili ufike, iache. Teke litapiga mfupa wa kidole gumba badala ya kiganja, na kila risasi utashika upya.

CZ 75 ni bastola nzuri mno, nasema kwa moyo wote. Uzito wake wa kilo moja hivi unatuliza teke. Lakini nyundo ikiwa chini, triga iko mbali sana, na risasi ya kwanza ndiyo utakayoihitaji. Tena slaidi yake inapita ndani ya fremu (mwili wa bastola), kwa hiyo sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Kwa vidole vyako ni kazi. Halafu hiyo ya mume wako iko kwenye cheti chake, si chako.

Jaribu Glock 43X. Mpini una urefu unaokaribia ule wa 19, vidole vitatu vinaenea, ila ni mwembamba kwa sababu magazini yake ya risasi 10 si pana kama ile ya risasi 15 ya Glock 19. Ukimpata mwenye Walther PDP F, omba uishike: Walther waliitoa 2022 wakizingatia mikono ya wanawake, triga iko karibu na slaidi ni laini.

Mashoto_Msa
Naongeza kidogo. Mimi natumia mkono wa kushoto, na kwangu swali la kwanza ni vitufe. Glock za Gen5 (toleo la tano) zina kitufe cha kuachia slaidi pande zote mbili, na cha magazini kinahamishika. Dada, hata ukitumia wa kulia, hakikisha gumba linafika kwenye kitufe cha magazini bila kuachia mshiko.

MamaMbili_Nakuru
Asanteni sana. Mzee, 43X si nyepesi pia? Na slaidi ya ile 19 ilinishinda kuvuta.

Koplo_Mstaafu
Ni nyepesi, ndiyo, na itarusha mkono kuliko 19. Ndiyo maana usilipe kabla ya kuipigia risasi halisi uwanjani, boksi zima la 50, maana magazini ya kwanza humfurahisha kila mtu. Mkono ukianza kuuma au mshiko kuteleza, utajua hapo.

Kuhusu slaidi: usivute kwa vidole. Leta bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea mbele, kidole nje ya triga. Kamata slaidi kwa kiganja kizima cha kushoto, kisha mkono wa kulia usukume mpini mbele kwa nguvu. Wanafunzi wangu wengi wembamba wanakoki 19 hivyo. Ikikubali, shika tena zote mbili, 19 na 43X, kabla hujaamua. Glock 19 za Gen4 na Gen5 huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini. Mwambie muuzaji avitoe vyote ili upime mpini ukiwa mdogo kabisa.

MamaMbili_Nakuru
Jumamosi naenda na mkufunzi, tutakodi zote mbili uwanjani. Nitaleta majibu.