Uliyefika Efeso, Pamukkale, Pergamo na magofu ya Uturuki, njoo tupeane uzoefu

Mkazi wa Izmir
Wakuu salama? Jana nimekatiza pale Agora ya Smirna, lile soko la kale katikati ya mji wa Izmir, nguzo za Kirumi chini, juu yake maghorofa yameanika nguo, nikakumbuka siku niliyokaa kwenye ule uwanja wa maonyesho wa Efeso. Unaingiza watu zaidi ya elfu ishirini. Matendo 19 nimeisoma toka Sunday school, wale watu wa Demetrio mfua fedha walipiga kelele "Artemi wa Waefeso ni mkuu" muda wa saa mbili, na ni PALE PALE, ngazi zipo, jua lipo, paka wamelala juu ya mawe. Mwili ulinisisimka. Waliofika ukanda huu mwageni.

Kaka wa Basmane
Umenigusa. Panda treni stesheni ya Basmane hapo Izmir, shuka Selçuk, mji ulio jirani na Efeso, halafu dolmuş, ni vihiace kama vyetu. Ingia GETI LA JUU. Mji uko kwenye mteremko, unashuka taratibu mpaka unakutana na Maktaba ya Celsus uso kwa uso. Celsus mwenyewe, gavana wa Kirumi, kazikwa chini yake, mwanae ndiye aliyemjengea. Ule ukuta wa mbele wameusimamisha upya miaka ya 1970, ulikuwa umeanguka vipande vipande.

Dada wa Mlimani
Geti la juu sikubali. Magrupu ya watalii wa meli za bandari ya Kuşadası yanamwagwa huko huko juu. Ingia la chini mapema wanapofungua tu, maktaba unaikuta peke yako.

Kaka wa Basmane
Na mwenye mzazi wa magoti apandishe kile kilima chote? Ile marumaru imesuguliwa na miguu ya watu mpaka inateleza hata ikiwa kavu. Dada hapana aisee.

Mwana Shinyanga
Hayo magoti ya wazazi ndiyo yamenifanya niandike. Mama alikuja kwenye graduation yangu nikampeleka Pamukkale. Ukiingilia chini mjini lazima uvue viatu, yale mawe meupe ni chokaa iliyoganda kutoka kwenye maji ya moto yanayotiririka toka juu, yanaharibika haraka. Mama kashika raba zake mkono mmoja, mkono mwingine kanishika mimi, maji vuguvugu yanamfika kwenye vifundo, chini kuna vimikunjo vya mawe vinakwaruza nyayo, anacheka peke yake. Tukafika juu kwenye magofu ya mji wa Hierapoli, jua la Julai, akasema mwanangu nimechoka, nikamkalisha chini ya mti karibu na makumbusho nikaenda foleni ya maji. Narudi mama hayupo. Mkoba haupo. Laini yake ya nyumbani huku haishiki. Nikaenda kwenye bwawa la Cleopatra hayupo, uwanja wa maonyesho hayupo, nikakimbia mpaka kule makaburini geti la kaskazini, makaburi ya mawe zaidi ya elfu yamepanga mstari barabara nzima, naita MAMAAA, watalii wananikodolea macho, jua linazama. Nikawarukia walinzi, anne yok, anne yok, yaani mama hayupo, huku nalia. Mmoja akanipandisha kwenye kigari cha umeme... ngoja bosi ananiita nitaendelea

Binti Likoni
Usituache hivyo jamani!! Mama alipatikana? Sema hilo tu.

Abu Salim wa Tanga
Tukiwa tunamsubiri ndugu yetu, pale Selçuk kuna pango wanasema ndilo la As-habul Kahf, wale vijana wa kwenye Qur'ani waliolala pangoni miaka mingi. Nimefika, nimekaa, nimesoma sura yote.

Mwanafunzi Adana
Sheikh lile silo, pango liko Tarsus, Waturuki kibao wanakwenda kuzuru huko.

Msafiri wa Ghuba
Na nje ya Amman kule Jordan nalo je? Mimi ndilo ninaloliamini.

Ustadh Mdogo
Qur'ani haikutaja mji. Hata idadi yao, aya ya 22 inasema Mola wangu ndiye ajuaye zaidi. Zuruni yote, ugomvi wa nini?

Mtu wa Lindi
Mimi kilichonitia uchungu ni Pergamo. Unapanda teleferik, kile kigari cha kwenye waya, mpaka juu Bergama, ndiyo Pergamo ya leo, unauliza madhabahu ya Zeu, mungu wa Wagiriki, iko wapi, unaoneshwa kiwanja cha ngazi za mawe kimeota misonobari. Michongo yake iko Berlin, Mjerumani Carl Humann alianza kuichimba 1878. Mji huo huo ndio wenye mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria, kachimbwa kwetu Lindi 1909 mpaka 1913. Nilisimama pale nikajiona niko nyumbani kabisa. Virudishwe vyote.

Dada wa Mlimani
Vikirudi ukavitunze wapi? Angalau kule vinaonekana.

Mtu wa Lindi
Vinaonekana na nani? Bibi yangu atapata lini viza ya kwenda kuangalia mifupa iliyotoka kijijini kwake?

Binti Likoni
+1 Lindi. Lakini MAMA JAMANI

Mwana Shinyanga
Nimerudi. Yule mlinzi aliita kwenye redio yake, akajibiwa kuna bibi mweusi yuko juu kwenye kanisa la mtume Filipo. Mnaopajua mnajua zile ngazi zilivyo. Kumbe mama alisikia kundi la mahujaji Wafilipino wanamtaja Filipo, akachukua mkoba wake akawafuata. Nimemkuta kwenye kaburi walilotangaza wachimbaji wa Kiitalia mwaka 2011, kapiga magoti, Biblia yake ya kava la kitenge iko juu ya jiwe, wale Wafilipino wamemzunguka wanaimba. Nikamwambia mama umeniua. Akanijibu, "Mtume kazikwa huku, wewe unanikalisha kwenye mti?"

Kaka wa Basmane
Huyo mama nampigia saluti. Nafuta hoja ya magoti.

Mkazi wa Izmir
Nimesoma mara mbili machozi yananitoka. Msalimie sana.

Abu Salim wa Tanga
Ukienda na mzee mwandikie namba yako kwenye karatasi umtilie mfukoni. Na maji yanunuliwe kabla ya kuingia.

Mgeni Ankara
Naenda mwezi ujao. Pamukkale na Laodikia siku moja inawezekana?

Mwana Shinyanga
Tena usiiruke Laodikia, ule mji wa kale wa kwenye Ufunuo, ni kilomita kama kumi tu. Kuna mabomba ya mawe ndani yamejaa chokaa, utaielewa vizuri ile ya "hu baridi wala hu moto". Dolmuş za kutoka stendi ya Denizli zinapita njia panda yake, mwambie dereva akushushe, ila vaa kofia, kivuli kule hakuna.