Wauza vitabu na wachambuzi wa Star Wars hapa Tanga, tajeni mwaka au nyamazeni!

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la filamu. Mada ni vitabu: riwaya na katuni za kuchapwa za Star Wars, zile hadithi za vita vya anga za juu, zinazouzwa na kuazimishwa hapa Tanga mjini, kuanzia meza za mitumba za Ngamiani hadi magrupu ya WhatsApp. Mwenye moyo mwepesi apite tu.

Tangazo linakuja hivi: "Darth Vader juzuu ya 1, kama mpya, anayewahi." Picha moja ya jalada, imepigwa kwa mbali, mwanga wa taa umeng'aa katikati. Chini yake wachambuzi wanamiminika. Mmoja anasema ni kali kuliko filamu zote. Mwingine anasema inachosha. Wa tatu anauliza Dokta Aphra, yule mwanaakiolojia anayemtumikia Vader, anaingia toleo la ngapi. Wanatoleana maneno mpaka usiku, na hakuna anayezungumzia kitabu kimoja na mwenzake!

Juzuu ya 1 ya mfululizo UPI? Kwa mgeni: katuni hutoka kwanza kama matoleo membamba, kisha kadhaa hukusanywa kuwa juzuu. Marvel, wachapishaji wa katuni hizi, wameanzisha mfululizo wa Darth Vader, yule adui mkuu mwenye kofia nyeusi, kwa namba 1 mara tatu. Ya 2015 ameandika Kieron Gillen, amechora Salvador Larroca, matoleo 25. Inakaa baada ya filamu ya 1977, Vader yuko kwenye adhabu kwa sababu Death Star, ile ngome ya angani ya dola yake, imelipuliwa. Huyo Aphra anayeulizwa anatokea humu, toleo la 3. Ya 2017 ni ya Charles Soule, nayo matoleo 25, lakini inarudi nyuma miaka mingi: inaanza palepale filamu ya Revenge of the Sith inapoishia, Vader anatumwa kumtafuta Jedi (mpiganaji wa upanga wa mwanga) aliye hai, ampore upanga wake na kuigeuza fuwele ya kyber, ile inayouwasha, iwe nyekundu. Humo Aphra umtafute mpaka uchoke. Ya 2020 ni ya Greg Pak, matoleo 50, inaanzia filamu ya The Empire Strikes Back ilipoishia, Vader anawasaka waliomficha mwanawe, Luke.

Vitabu vitatu, nyakati tatu, waandishi watatu, na vyote jaladani ni "Darth Vader" na namba 1. Kinachovitenganisha ni jina dogo la juzuu: Vader (2015), Imperial Machine (2017), Dark Heart of the Sith (2020). Kuandika maneno hayo kwenye tangazo kunakula sekunde ngapi? Na mfululizo mkuu wa Star Wars una tatizo hilohilo: upo wa 2015 wenye matoleo 75 na upo wa 2020 wenye matoleo 50, na wa pili si mwanzo wa kitu chochote kwa msomaji mgeni.

Sasa twende kwenye kilichonifanya nifungue uzi. "Seti kamili."

Mtu anatangaza seti kamili ya Star Wars ya 2015, juzuu ya 1, 2 na 3, namba zimefuatana vizuri. Mnunuzi anatoa hela, anafika juzuu ya 3, Rebel Jail, anamkuta Aphra tayari ni mfungwa wa waasi wanaopigana na dola ya Vader. Alikamatwa lini? Na nani? Anageuza kurasa nyuma, hakuna. Halafu anakuja humu kuandika kwamba mwandishi hajui kusimulia.

Mwandishi hana kosa. Juzuu ya 2 ina toleo la 7 hadi la 12. Juzuu ya 3 inaanza na toleo la 15. La 13 na la 14 yamo kwenye kitabu tofauti kabisa kiitwacho Vader Down, ambacho mgongoni hakina namba ya kukuonyesha kwamba kinakaa kati ya 2 na 3. Mle ndani kuna matoleo 6: Vader Down lenyewe namba 1, Star Wars la 13 na 14, na Darth Vader la 13, 14 na 15. Kwa hiyo hata mwenye Darth Vader ya 2015 ana tundu lilelile: juzuu ya 2 inaishia toleo la 12, ya 3 inaanza na la 16. Na si kipande cha kurukwa. Ndipo Vader anapoanguka na chombo chake kwenye sayari ya Vrogas Vas, peke yake, jeshi la waasi limemzunguka. Ukikikosa hicho umekosa kisa bora cha mfululizo wote, kwa maoni yangu.

Kuligundua tundu ni rahisi. Geuza kitabu, soma jalada la nyuma, chini karibu na msimbo wa bei: Marvel huandika pale kitabu kimekusanya matoleo gani. Linganisha namba ya mwisho ya juzuu moja na namba ya kwanza ya inayofuata. Zikiruka, kuna kitabu cha katikati hujapewa. Muuzaji anayekataa kukutumia picha ya jalada la nyuma, hamia kwa mwingine.

Kero ya pili ni hawa wanaouza riwaya za zamani bila kumwambia mtu kwamba hazimo kwenye historia rasmi, yaani visa ambavyo wenye Star Wars wanavihesabu kuwa vimetokea kweli. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, walitangaza kwamba riwaya na katuni zote za nyuma zitaitwa Legends, na historia rasmi itabaki filamu, The Clone Wars (katuni ya televisheni), na kazi mpya. Riwaya ya kwanza chini ya utaratibu mpya ni A New Dawn, Septemba 2014. Sasa mtoto wa watu ametazama filamu ya 2015, Chewbacca, yule mwenye manyoya rafiki wa Han Solo, yu hai anarusha risasi, halafu mnamuuzia Vector Prime ya 1999 ambamo Chewbacca anafariki, na hamumwambii neno! Hicho ni kitabu cha kwanza kati ya 19 vya New Jedi Order, na hamna vingine 18 vya kumpa.

Msiniambie "neno Legends limeandikwa jaladani". Limeandikwa kwenye nakala zilizochapwa baada ya uamuzi huo. Mitumba mingi inayofika huku ni ya miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, jaladani hakuna alama yoyote. Fungua ukurasa wa hakimiliki, soma mwaka. Kabla ya 2014, hesabu ni Legends, isipokuwa riwaya za filamu zenyewe, ambazo zinakubalika pale zinapolingana na filamu.

Wala msipime kwa nembo ya mchapishaji. Kuna "mtaalamu" humu anafundisha watu kwamba vya Dark Horse, wachapishaji wa katuni hizi kabla ya Marvel kuzirudia, vyote ni Legends na Marvel yote ni rasmi. Uongo mtupu. Darth Maul: Son of Dathomir ni ya Dark Horse, 2014, matoleo 4, na ni rasmi, kwa sababu imetokana na miswada ya The Clone Wars ambayo haikutengenezwa kuwa vipindi. Na Marvel ya 1977 hadi 1986, matoleo 107, yote ni Legends.

Mwisho, wanaoita vitabu hivi makombo ya filamu. Jina Coruscant, ile sayari yenye mji mkuu, limetoka kwenye riwaya ya Timothy Zahn, Heir to the Empire, 1991. Filamu zimelichukua baadaye. Jedi Aayla Secura alianzia kwenye katuni kabla ya kuonekana Attack of the Clones mwaka 2002. Mfalme mwovu Palpatine kurudi kwa miili ya kloni (nakala za mwili wake)? Dark Empire, Dark Horse, 1991. Filamu ya 2019 ikamrudisha bila maelezo ya maana, mpaka riwaya ya filamu hiyo iliyoandikwa na Rae Carson mwaka 2020 ndiyo ikasema wazi kwamba ule mwili ulikuwa wa kloni. Sasa nani anakula makombo ya nani?

Karibuni, ila ukitaja kitabu weka na mwaka.

—

Kijana_wa_Chumbageni: Mkuu umewaka, lakini unamwonea muuza mtumba. Yule anapokea kiroba kimefungwa, mnauziana kwa jalada, mambo ya Vrogas Vas atayajulia wapi? Walaumu wanaokusanya. Mwenye uwezo aachane na juzuu ndogo, atafute lile buku kubwa la Darth Vader la Gillen na Larroca: limebeba matoleo yote 25 pamoja na Vader Down na yale mawili ya Star Wars, kwa mpangilio. Ila ni zito, ukilisoma umelala utaumia kifua.

Mwanzisha uzi: @Kijana_wa_Chumbageni nakubali kuhusu buku, sikubali kuhusu muuzaji. Simwambii asome. Namwambia apige picha jalada la nyuma. Akishaandika "seti kamili" amechukua dhamana.

Bi_Raskazone: Kaka umesema kweli tupu ila umeipita Splinter of the Mind's Eye. Kila wiki kuna mtu anakuja kuicheka humu kwa sababu Luke na Leia wanatamaniana. Jamani kitabu ni cha 1978! Undugu wao umejulikana kwenye filamu ya 1983, Alan Dean Foster angeutoa wapi? Na Han Solo hayumo kwa sababu mwigizaji wake, Harrison Ford, alikuwa hajasaini filamu nyingine, na kisa kiliandikwa kiweze kuigizwa kwa bajeti ndogo endapo filamu ya kwanza ingeanguka. Ndiyo maana kuna ukungu na mapango kila ukurasa. Ukijua hivyo unakisoma kwa jicho jingine. Bado si kitabu kizuri sana, lakini kichekwe kwa makosa yake halisi.

Fundi_Jalada: Naongezea la huku kwetu pwani. Katuni za Marvel ni karatasi ya kung'aa. Unyevu wa Tanga ukiingia, kurasa zinagandana pembeni, na ukizivuta kwa nguvu rangi inabanduka ikiacha madoa meupe. Kabla ya kulipa, pitisha kidole gumba kwenye ukingo mzima; pakikwama, omba apunguze bei au acha. Ikikupata nyumbani usianike juani, gundi ya mgongo itakauka na kupasuka. Simamisha kitabu wazi kivulini, penye upepo, weka karatasi nyeupe kavu kati ya kurasa na uibadilishe ikipata unyevu. Na mnaoagiza kutoka Dar kwa basi, mwambieni mtumaji afunge kwenye boksi gumu. Mfuko wa rambo chini ya magunia haufai, kona zote zinafika zimekunjika.

Mpenzi_wa_Jedi: Swali kwa mwanzisha uzi. Hiyo "rasmi" yenyewe inajipinga. Katuni ya Kanan ya 2015 inaonyesha Jedi Depa Billaba na mwanafunzi wake, huyo Kanan, wanashambuliwa usiku na askari wao wenyewe waliokuwa wamekaa nao. The Bad Batch ya 2021, ya televisheni, inaonyesha tukio hilohilo mchana, kwenye theluji. Tushike lipi?

Mwanzisha uzi: @Mpenzi_wa_Jedi kwa mazoea ya hawa jamaa, kilichopita kwenye skrini ndicho kinashinda. Riwaya ya Ahsoka ya E. K. Johnston ya 2016 nayo imekanyagwa na Tales of the Jedi ya 2022, ya televisheni. Ila ukiniuliza kipi kimesimuliwa vizuri, Kanan ya katuni inaishinda ile ya theluji kwa mbali, maana wale askari umeshakaa nao, unawajua kwa majina, kabla hawajageuka. Tunze nakala yako.

Mgeni_Makorora: Naombeni msaada, nimepata riwaya tatu za Thrawn, yule kamanda wa dola, zinafuatana?

Bi_Raskazone: Tatu zipi, mdogo wangu? Zikiwa Heir to the Empire, Dark Force Rising na The Last Command, ni za 1991 hadi 1993, Legends, zinafuatana hivyohivyo. Zikiwa Thrawn, Alliances na Treason, ni za 2017 hadi 2019, rasmi. Zikiwa zimeandikwa Ascendancy, ni za 2020 na 2021: Chaos Rising, Greater Good, Lesser Evil, nazo kisa chake kinatangulia cha 2017. Zote kaandika Timothy Zahn, kwa hiyo jina la mwandishi halikusaidii hapo. Kama umepewa moja moja kutoka kila kundi, rudisha leo hii.