Naomba ushauri: uanachama wa kambi ya magari-nyumba, pwani ya Oregon

Wakuu, naombeni ushauri. Tunaishi Portland, tuna gari-nyumba la kukokota la futi 28. Wikiendi iliyopita tulialikwa kulala bure siku mbili kwenye kambi ya wanachama ufukweni. Watoto waliipenda mno, usiku unasikia mawimbi ukiwa kitandani. Asubuhi wauzaji wa uanachama wakatukalisha kwa saa mbili nzima, wakitaka tusaini mkataba wa miaka 10 siku hiyohiyo. Nikakataa, ila mke wangu bado anapataka. Hofu yangu ni ada ya mwaka kupandishwa, na nafasi za Julai na Agosti kujaa mapema. Nguzo yenyewe ya kuchomekea umeme wa gari ilikuwa imeliwa na chumvi, soketi ya ampea 30 inachezacheza. Aliyewahi kujiunga kambi za hivi, kujitoa kulikuwaje? Au tubaki na kambi za jimbo kama South Beach kule Newport, tulipie kwa usiku?