Naandika taazia ya mhariri aliyenifundisha kazi. Nianzie wapi?

Mwuliza swali
Ndugu zangu, mhariri wetu wa zamani amefariki wiki iliyopita. Nilikaa naye dawati moja miaka 9, na sasa familia imeniomba taazia ya maneno 400. Nimeanza mara tano, nikafuta. Kila nikiandika "mpole, mchapakazi, kipenzi cha wote" naiona penseli yake ikipita juu ya mstari. Maneno hayo aliyakata siku zote, maana yanamfaa marehemu yeyote.

Ninachokumbuka ni kitu kidogo. Kabla ukurasa haujaenda mtamboni aliuchapa kwenye karatasi, akazungushia duara kila jina na kila tarakimu, kisha akakuita ukae. Kidole kwenye duara la kwanza: nani kakuambia? Ukijibu, anatia vema. Ukisita, simu ile pale. Usiku mmoja, zimebaki dakika 20 kufunga gazeti, akakuta jina la marehemu ndani ya taazia yangu lina shaka. Akasimamisha ukurasa, akanipa simu nizungumze na mjane mwenyewe. Kweli nilikuwa nimeruka herufi moja. Hakunifokea. Alinieleza tu kwamba wapo watu wanaotajwa gazetini mara moja, siku wanapozikwa.

Hilo liingie, au ni mambo ya kazini mno?

Jibu la 1
Pole sana, kaka. Anza na hilo hilo. Ya lazima (jina kamili, umri, siku aliyofariki, alikofanya kazi, aliowaacha) yabane kwenye aya moja. Kwingine kote tuonyeshe kidole kwenye karatasi. Familia inamjua baba. Mhariri unamjua wewe, ndiyo maana wamekuomba.

Jibu la 2
Mimi nilikuwa upande wa kupanga kurasa. Nilimkuta bado tunakata safu kwa wembe na kuzibandika kwa gundi. PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwa kompyuta, ilipoingia, wakubwa wengine waliikwepa. Yeye alivuta kiti akakaa kando yangu akajifunza. Habari ikizidi nafasi, alikata kuanzia chini, kwa kuwa uzito wa habari huwa juu, lakini kwanza alimwita mwandishi aone kinachoondoka. Wengi wetu tulizoea kukutana na mkasi asubuhi, gazeti liko mtaani.

Na tukikosea, radhi iliombwa kwenye ukurasa uleule uliobeba kosa. Jina la mwandishi hakulitaja kamwe. Hilo usiliache, nakuomba.

Mwuliza swali
Ahsanteni sana. Nimeanza na duara, na la radhi nimeliingiza. Jioni hii nimempigia binti yake anisomee jina lote, herufi kwa herufi. Kumbe lile la kati tulikuwa tunalikosea miaka yote. Mwaka wa kuzaliwa niliokuwa nao nao si wenyewe. Anatafuta cheti, ataniambia kesho. Mpaka hapo duara hilo halina vema.