Tupeane uzoefu: kutumia chatiboti za AI kama mshauri wa masomo chuoni

Mwanzisha uzi: Wakuu, uzi huu ni wa kupanga kozi, kupiga GPA (wastani wa alama) na kuzielewa kanuni za mitihani kwa msaada wa chatiboti. Leteni hatua na mahali inapokosea.

Prospektasi_Kwanza: Ukiuliza kavukavu "nikifeli kozi mbili nitadisko?" (yaani nitaondolewa chuoni), unaweza kujibiwa kwa kanuni za Marekani, maana ndizo zimejaa mtandaoni. Pakia kanuni za mitihani za chuo chako pamoja na prospektasi ya mwaka ulioingia, siyo ya mwaka huu. Mtaala ukibadilika, waliotangulia mara nyingi huendelea na ule wa zamani.

Usiitupie PDF nzima. Kata sura ya kitivo chako. Kama jedwali limeskaniwa, safu husomwa vibaya na krediti za kozi moja huangukia kozi jirani. Liandike upya mwenyewe: msimbo, jina, krediti, kozi tangulizi. Kisha iagize: "Jibu kutoka kwenye hati hii tu. Taja kifungu na ukinukuu. Kama hakimo, sema hakimo." Ukishajibiwa, fungua kifungu chenyewe usome, kwa sababu namba za vifungu nazo hubuniwa.

Kokotoa: Kwenye GPA ndiko watu wanaumizwa. Digrii ya Tanzania huhesabiwa juu ya 5. Usipoiambia, huenda ikapiga juu ya 4. Krediti nazo si zile za Marekani: kwetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na digrii ya miaka mitatu ni krediti 360.

Ipe mfano wa kuijaribu. Kozi ya krediti 12 umepata A (5), ya 8 umepata B (3), ya 10 umepata C (2): 60 + 24 + 20 = 104, gawa kwa 30, unapata 3.466. Kanuni zikisema desimali moja bila kupandisha, hiyo ni 3.4, daraja la pili la chini. Chatiboti ikikupa 3.5 imekuvusha daraja bure. Ikikupa 3.3, imejumlisha pointi ikagawa kwa tatu, krediti imezisahau. Hesabu ya mwisho ifanye kwenye Excel.

Dawati_la_Ushauri: Kwa vyuo vinavyotaka kuweka ya kwao, tazameni Chuo Kikuu cha Georgia State, Marekani. Mwaka 2016 walianza na chatiboti iitwayo Pounce, iliyowasiliana kwa SMS na waliokubaliwa kujiunga. Ilikuwa na hazina ya majibu yaliyoandaliwa, na swali gumu lilipelekwa kwa mtumishi. Walioishia njiani kabla ya kuripoti walipungua kwa takriban 21%. Kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni vikumbusho: kila mmoja aliambiwa hatua aliyobakiza yeye. Chatiboti inayongoja kuulizwa haimfikii asiyejua kwamba ana la kuuliza.

Kokotoa: Naunga mkono. Halafu matokeo yako yafute jina na namba ya usajili kabla ya kuyapakia. Kuahirisha mwaka au kukata rufaa, itumie kuandaa rasimu ya barua tu. Kibali hutoka chuoni, na siku za rufaa zinahesabika.

Prospektasi_Kwanza: Nyongeza kwenye jedwali: weka safu ya muhula kozi inapofundishwa. Bila hiyo itakupangia kukeri (kurudia kozi uliyofeli) kozi ya muhula wa pili ndani ya muhula wa kwanza, na mpango utaonekana umenyooka kabisa.