Mjadala: Je, msamaha wa mfiwa uifute kesi ya dereva mlevi?

Katika jumuiya zetu za Masasi na Ndanda, kusini mwa Tanzania, inasomwa hadithi fupi ya Kikristo ambayo vijana wanaiandaa kuwa igizo la Kwaresima, nami naomba tuijadili kwa uwazi kwa sababu mwisho wake umenikwaza. Dereva wa lori amepakia korosho za chama cha msingi ili azipeleke ghala kuu, na njiani anasimama mahali panapouzwa uraka, yaani pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), anakaa kuliko alivyokusudia, kisha anarudi kwenye usukani na kumgonga mvulana anayetoka shambani kwa baiskeli. Siku ya tatu ya matanga dereva huyo anapiga magoti mbele ya mama wa marehemu, mama anamwinua na kumwambia amemsamehe, wazee wanakwenda kituoni, kesi inafutwa, na katika ukurasa wa mwisho dereva anaimba kwaya.

Mama kusamehe, sina neno. Ninachokataa ni msamaha wake kugeuzwa ufunguo wa mahabusu. Hati ya mashtaka katika kesi ya namna hii huandikwa jina la Jamhuri, si jina la mama, na sababu yake inaeleweka hata kwa mtu asiyesoma sheria: barabara ile ile itapitiwa kesho na mtoto wa mtu mwingine, ambaye mama yake hajaulizwa kama amesamehe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika makosa madogo ya mtu na mtu, kama shambulio la kawaida. Kusababisha kifo kwa kuendesha gari umelewa hakuingii humo. Maandiko nayo hayakulinyamazia jambo hili. Kutoka 21:29 inamzungumzia mwenye ng'ombe aliyejulikana kuwa na tabia ya kupiga watu, mwenyewe akaonywa lakini hakumzuia, ng'ombe akaua: hapo mwenye ng'ombe anawajibika kwa uhai uliopotea. Mtu anayejua kwamba amelewa na bado akawasha lori ameonywa tayari, tena na mwili wake mwenyewe.

Nitakuwa mkosefu wa haki nisipoisifu sehemu moja. Jioni baada ya mazishi mama anapakua ugali na kuweka sahani nne, kisha anakumbuka, lakini haiondoi ile ya nne. Na baiskeli inaporudishwa kutoka kituoni gurudumu limekunjika ila kengele yake bado inalia, mdogo wa marehemu anaipigapiga mpaka anafokewa na shangazi. Mwandishi aliyeweza kuandika hayo anajua msiba ni nini. Kwa nini basi, kurasa mbili mbele, anamsukuma mama yule yule atoe msamaha kabla hata matanga hayajaanuliwa? Rafiki zake Ayubu, pamoja na makosa yao yote ya baadaye, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Katika hadithi hii mfiwa hakupewa hata nusu ya siku hizo.

Katekista, Newala: Ndugu mwandishi, umeisoma aya ya 29 ukaweka kituo, wakati aya ya 30 inasema kwamba mtu huyo akitozwa fidia, atatoa chochote atakachotozwa kwa ajili ya ukombozi wa maisha yake. Kwa hiyo njia ya fidia imo katika sura hiyo hiyo. Bwana wetu alipoulizwa kuhusu kusamehe hakusema saba, alisema saba mara sabini, na katika mfano unaofuata, Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa deni analaaniwa kwa sababu ya kumtupa mwenzake gerezani. Wewe unamtaka mama afanye nini tofauti na hilo? Nimeona familia zikiyamaliza nyumbani, kifuta machozi kikatolewa, watoto waliobaki wakasomeshwa kwa fedha hiyo, na nimeona pia dereva akifungwa, nao wafiwa wasipate hata mfuko wa saruji wa kujengea kaburi.

Dereva mstaafu, Mingoyo: Mimi nitasema la kwetu. Sheria ya Usalama Barabarani inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, lakini dereva wa gari la biashara hatakiwi kuwa na kilevi kabisa. Hadithi inamwonyesha dereva kama mtu aliyeshikwa na shetani ghafla. Haikuwa ghafla. Mabibo huanguka pamoja na korosho, kwa hiyo kilevi na fedha vinafika kijijini msimu mmoja, na uraka ni mdanganyifu, kwa maana wa asubuhi ni mtamu hata mtoto anaupenda, lakini kadiri jua linavyopanda unazidi kuchachuka, na mnywaji anaendelea kuhesabu bilauri kana kwamba bado ni asubuhi. Utingo alikuwepo na aliona. Mwenye lori alitaka safari mbili kwa siku. Muuzaji naye aliyaona magurudumu yamesimama mlangoni pake. Wote hao katika hadithi hawaombi msamaha, na hakuna anayewadai.

Mama mmoja, Lindi: Mimi ni Mwislamu, lakini misiba ya huku tunazikana wote, na watani wanapochukua jeneza hawaulizi dini ya marehemu, kwa hiyo naomba nichangie. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea anatakiwa kutoa diya, yaani fidia ya uhai, kwa warithi, isipokuwa wakiisamehe na kuifanya sadaka. Lakini msome vizuri jambo la pili lililomo katika aya hiyo: yapo pia masharti ya kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, na hilo halimo katika mambo ambayo warithi wanaweza kuyasamehe. Familia ina haki yake na inaweza kuiachia, ila mkosaji anabakiwa na deni lingine ambalo mama wa marehemu hana uwezo wa kulifuta. Sijui kama mtu aliyejilewesha kwa hiari anastahili kuitwa aliyekosea tu, hilo nawaachia masheikh. Ninachoshangaa ni kwamba hadithi yenu imemfanya mfiwa kuwa hakimu, na huo ni mzigo mwingine juu ya ule wa kuzika.

Mwandishi wa mada: Ndugu Katekista, aya ya 30 inanisaidia kuliko inavyonipinga, kwa sababu inasema "atakachotozwa", yaani wapo wanaopima na kumtoza, haisemi kiasi ambacho wajomba wa dereva watakubaliana nacho na mama aliyekesha akilia. Kuhusu fedha, gari linalotembea barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na fidia hiyo wafiwa wanaweza kuidai bila kuuza kesi. Pendekezo langu kwa vijana ni kwamba mama asamehe, lakini baadaye, na asamehe akiwa mahakamani. Kabla ya kutoa adhabu hakimu husikiliza maombi ya kupunguziwa, na utetezi unaweza kueleza kwamba wafiwa wamesamehe, naye hakimu akalipima neno hilo pamoja na mengine. Hata mfalme Daudi aliambiwa na nabii Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika sura hiyo hiyo akaambiwa kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Shauri la mzee wa Mingoyo nalo liingie: utingo apandishwe kizimbani kama shahidi, aulizwe aliona nini na kwa nini alinyamaza.

Katekista, Newala: Kuhusu kifungo bado sijashawishika, na sitaki vijana wetu wajifunze kwamba gereza ndilo linalokamilisha toba. Onyesho la mahakamani liwekwe, sina pingamizi. Ila mkishaandika upya, mtazameni mke wa dereva, ambaye ana watoto watatu na katika hadithi nzima hajapewa hata mstari mmoja wa kusema, maana hata mkimfunga mumewe au mkimwachia, yeye ndiye atakayekutana na mama wa marehemu kisimani siku inayofuata.